SOMO LA SAYANSI: NAMNA YA KUMPA CHATU JOTO WAKATI WA BARIDI YA LUANO



Tangu mwisho wa mwezi wa tano kuko maneno mengi hapa masomoni juu ya nyoka anayekaa katika chumba cha biolojia. Wengine wanasema ni boa. Wengine wanasema ni nyoka wa mali, anatapika feza usiku. Na wengine wanauliza swali ambalo ni la haki kabisa: kwa nini nyoka awashiwe ampuli ya kumpa joto, na sisi wanafunzi tunalala na bulangeti moja? Sisi wa kalasi ya sita, tawi la biolojia na kemia, tumeona vizuri kujibu kwa kalamu, si kwa makelele ya chumba cha kula.

Kuko na sababu nyingine tena. Sisi tunakwenda kufanya mtihani wa Serikali, na mwanzo wa mwezi wa saba masomo yatafungwa. Huo mwezi wa saba ndio wenye baridi kali kuliko yote. Nyoka atabaki, sisi tutakuwa tumekwisha kwenda. Wale watakaopokea kazi hii, wadogo wetu wanaokaa karibu na watoto wa walimu wanaobaki hapa wakati wa likizo, wanapaswa kujua mambo ya kufanya na sababu yake pia. Mtu anayejua kuwasha na kuzima tu, siku umeme ukikatika atasimama na mikono mitupu. Basi soma polepole, na kalamu mkononi.

1. HUYU NYOKA NI NANI?

Jina lake kwa Kiswahili ni chatu. Ndugu zetu Wabemba wanamwita lusato. Mjini watu wamezoea kusema boa, lakini yule boa mkubwa wa vitabuni ni wa Amerika, naye huzaa watoto wazima. Chatu wetu hutaga mayai.

Wataalamu wanamwita Python natalensis. Zamani walimhesabu pamoja na chatu wa Afrika ya Magharibi na ya Kati, anayeitwa Python sebae. Mwaka 1984 Donald Broadley, mtaalamu wa nyoka aliyefanya kazi Zimbabwe, aliwatenga kuwa makundi mawili ya aina moja, na mwaka 1999 akaandika wazi kwamba ni aina mbili kamili. Chatu wa kwetu Katanga ni yule wa upande wa kusini.

Hana sumu. Anakamata kwa meno, anajizungusha, anakaza mpaka damu ya mnyama haitembei tena. Huyu wetu angali mdogo, urefu wake ni mita 1 na nusu hivi, na chakula chake ni panya. Mtoto wa mtu hamwezi. Lakini meno anayo, yameinama kwa nyuma, na anauma. Asiyepewa kazi asifungue kisanduku.

Alikujaje? Watu waliokuwa wakichoma majani ya shamba huku Luano walimkuta, ubavu wake umeungua na moto wa pori. Walitaka kumuua, mmoja akasema tumpeleke kwa wanafunzi. Bwana Prefe alikubali akae hapa mpaka ngozi ipone, na habari imepelekwa kwa ofisi inayosimamia wanyama wa pori. Chatu yuko katika orodha ya pili ya mapatano ya CITES, ambayo inchi yetu iliyaingia mwaka 1976, na biashara yake kati ya inchi na inchi inafuata sheria. Kwa hiyo yeye si mali ya masomo wala si mchezo. Ni mgonjwa aliyelazwa. Akipona anarudi porini.

Tena, juu ya feza. Wazazi wetu wanakumbuka picha za mamba muntu, yule mwanamke mwenye mkia wa samaki na nyoka, ambazo wachoraji wa Lubumbashi walizichora sana miaka ya 1970 na watu wakazitundika sebuleni. Picha zile ni nzuri. Lakini nyoka wetu tangu afike ametapika kitu kimoja tu, nacho ni panya. Wale waliomleta walimpa panya usiku wa kwanza, wakati wa baridi, na kesho yake panya akatoka mzima, amevimba, ananuka. Hapo ndipo somo letu linapoanza.

2. BARIDI YA LUANO INATOKA WAPI?

Wageni wanashangaa. Wanafikiri Kongo ni joto tu. Luano iko karibu mita 1,300 juu ya bahari, tena iko kusini ya ikweta kwa digrii 11 na nusu. Mwezi wa sita na wa saba jua limekwenda upande wa kaskazini. Upepo unatoka kusini-mashariki nao ni mkavu. Mawingu hakuna.

Mchana ni mzuri, digrii 25 au 26. Lakini usiku, kwa kukosa mawingu, udongo unatupa joto lake lote angani, sawa na nyumba isiyo na bati. Asubuhi mapema kipimajoto kinateremka mpaka digrii 7 hivi, na siku nyingine chini zaidi. Katika dembo ni mbaya kuliko hapo, maana hewa baridi ni nzito, inateremka bondeni kama maji. Mara moja moja majani ya dembo yanaamka meupe. Kati ya saa nane ya mchana na saa kumi na mbili ya asubuhi tofauti inafika digrii 18. Mtu anavaa triko. Na nyoka?

3. "DAMU BARIDI" MAANA YAKE NINI?

Neno hili linadanganya. Damu ya chatu aliyelala juani saa sita ni ya moto karibu sawa na yako. Maana ya kweli ni hii: mwili wake hautengenezi joto la kutosha, unafuata joto la fasi aliyoko.

Mwili wako wewe ni kama mbabula inayowaka usiku na mchana. Chakula ni makala yake. Mtu aliyelala anatoa joto la karibu wati 70 mpaka 80. Bulangeti halitengenezi joto hata kidogo, linazuia tu joto lako lisikimbie. Sasa mfunge nyoka baridi katika bulangeti. Utakuwa umefunga nini? Umefunga baridi. Hata ungempa bulangeti kumi, asubuhi atakuwa na baridi ya chumba.

Basi wale waliouliza kwa nini nyoka apewe ampuli, jibu ni hili: wewe ampuli yako iko ndani ya mwili, na inazidi nguvu ya ile tunayomwashia yeye.

Nini kinaharibika mwili wa chatu ukiwa baridi?

(a) Tumbo. Dawa za tumbo zinazoyeyusha nyama zinafanya kazi vizuri kwenye digrii 28 mpaka 32. Kwenye 15 zinalala. Panya aliyemezwa anaoza ndani kabla ya kuyeyuka, na nyoka anamtapika. Hiyo ndiyo siri ya yule panya wa usiku wa kwanza.

(b) Mapafu. Chatu anayekaa siku nyingi katika baridi na unyevu anapata ugonjwa wa mapafu. Utaona povu mdomoni, anapumua mdomo wazi, kichwa ameinua juu, na ukisikiliza kuko sauti ya mluzi. Ukiona hivyo usingoje kesho, mwite mwalimu siku ile ile.

(c) Kidonda. Ngozi mpya haioti haraka katika mwili wa baridi, na vijidudu vinapata nafasi. Chatu wetu ana jeraha la moto. Tukimwacha katika baridi ya mwezi wa saba tutakuwa tumemwokoa na jembe ili tumuue polepole.

4. LAKINI PORINI ANAISHIJE?

Mwenzetu mmoja aliuliza vizuri: chatu wamekuwa Katanga tangu zamani, na baridi hii ni ya zamani, nani aliwawashia ampuli?

Hakuna. Porini chatu anachagua. Asubuhi anatoka polepole, anajilaza juani upande wa kichuguu. Akishiba joto anaingia kivulini. Jioni anateremka katika shimo la muhanga, yule mnyama mwenye masikio marefu anayechimba na kula mchwa. Udongo wa chini haujui usiku wala mchana. Kadiri unavyochimba, joto linakaribia wastani wa mwaka mzima, ambao kwa Lubumbashi ni digrii 20 au 21. Juu majani ni meupe, chini chatu amelala kwenye digrii 20.

Mama chatu anatupita sisi kwa akili ya joto. Profesa Graham Alexander wa chuo kikuu cha Witwatersrand aliwafuata chatu wa aina hii hii kwa miaka 7 katika hifadhi ya Dinokeng, Afrika ya Kusini, akawatilia vyombo vya redio, na mwaka 2018 akatoa habari yake. Mama mwenye mayai ngozi yake inageuka nyeusi, na rangi nyeusi inakamata jua vizuri. Anatoka shimoni, anaota jua mpaka mwili unakaribia digrii 40, kisha anarudi kuyazungushia mayai joto alilolibeba. Muda huo wote hali chakula. Tena watoto wakiangua anakaa nao karibu juma mbili, anawapa joto usiku. Ndugu yake wa Asia anafanya kwa njia nyingine: mwaka 1966 wataalamu wa New York walionyesha kwamba chatu wa India anatetemesha misuli yake kama mtu mwenye homa, na kutetemeka huko kunatengeneza joto kwa mayai. Huyu wa kwetu hatetemeki, anabeba jua.

Sasa tufahamu neno moja kubwa. Tulipomweka katika kisanduku, tulimnyang'anya jua, kichuguu na shimo. Tulimnyang'anya kuchagua. Kwa hiyo kazi yetu si kumpasha moto tu kama chakula katika sufuria. Kazi yetu ni kumrudishia kuchagua: upande mmoja joto, upande mwingine baridi kidogo, na fasi ya kujificha pande zote mbili. Yeye mwenyewe anajua saa ya kwenda na saa ya kurudi.

5. WENGINE WALIFANYA NAMNA GANI?

Mji wa London una baridi kupita ya kwetu, tena ya miezi mingi. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya kwanza ya nyoka na wenzao mwaka 1849. Mwaka 1927 ilifungua nyingine mpya, iliyopangwa na mwanamke, Joan Procter. Alikuwa mtu mwenye afya dhaifu, akafa mwaka 1931 akiwa kijana bado, lakini alifahamu jambo ambalo wengi hawakulifahamu: nyumba nzima isipashwe joto moja, bali kila fasi iwe na umeme wake na joto lake. Nyumba ile ilitumika miaka mingi sana. Wasichana wa kalasi za chini, mlishike jina hilo.

Mfano wa pili ni wa huzuni. Katika jimbo la Florida, Marekani, watu walifuga chatu wa Birmania, wengine wakatoroka au wakaachwa, wakazaana katika mabwawa ya Everglades na kumaliza wanyama wa kule. Mwezi wa kwanza wa mwaka 2010 baridi isiyo ya kawaida iliingia. Kati ya chatu 10 waliokuwa wamewekwa vyombo vya redio, 9 walikufa. Wengine walitoka kuota jua wakati hewa ingali baridi, badala ya kukaa shimoni. Hawakuwa na desturi ya baridi ile. Jambo hilo linatufundisha mara mbili: baridi inaua chatu, na mnyama wa pori asipelekwe fasi isiyo yake.

6. KISANDUKU, NA HESABU YAKE

Kisanduku chetu ni cha mbao, urefu sentimeta 120, upana 60, kimo 50. Wote waliokiona wanasema ampuli moja itatosha. Tusikisie, tufanye hesabu. Wa kalasi ya tano na ya sita mnaijua.

Eneo la kuta zote: 2 × (1.2 × 0.6 + 1.2 × 0.5 + 0.6 × 0.5) = mita mraba 3.24.

Asubuhi mapema chumba cha biolojia kina digrii 12. Ndani ya kisanduku tunataka wastani wa 27. Tofauti ni 15.

Ubao wa sentimeta 2 unazuia joto kwa kiasi cha 0.02 ÷ 0.13 = 0.15. Hewa iliyogandamana na ubao ndani na nje inazuia tena 0.17. Jumla 0.32.

Joto linalokimbia: 3.24 × 15 ÷ 0.32 = karibu wati 150.

Ni nyingi! Sasa tufanye ukuta wa pili wa mbao nyembamba ya sentimeta 1 kwa ndani, na katikati tujaze sentimeta 5 za maranda makavu. Maranda yanazuia 0.05 ÷ 0.07 = 0.71, na ubao mwembamba 0.08. Jumla mpya ni 1.11.

Joto linalokimbia: 3.24 × 15 ÷ 1.11 = karibu wati 44.

Tazama, maranda ambayo fundi wa mbao anayatupa yameokoa zaidi ya wati 100. Matundu ya hewa nayo yanatoa joto, basi tunaongeza kidogo, tunasema wati 60. Hiyo ndiyo hesabu tutakayoitumia mbele.

Na wanaolalamika juu ya umeme wa masomo: wati 60 zikiwaka masaa 24 yote ni wati-saa 1,440. Pasi ya wati 1,000 inakula hiyo kwa saa moja na nusu. Siku ya Jumamosi katika dortuari pasi inapigwa kuliko hapo.

Mambo ya kushika:

- Ampuli iwe ya zamani, yenye waya unaowaka. Ampuli mpya za LED zinatoa mwanga bila joto la maana, nazo hazifai kwa kazi hii.

- Ampuli ikae upande mmoja tu, si katikati. Upande huo uwe digrii 31 au 32, upande wa pili 25 au 26.

- Ampuli ifunikwe na chungu cha udongo chenye tundu, juu ya matofali, mbali na mbao na maranda, na kuzungukwa na wavu wa chuma. Sababu ni mbili. Usiku nyoka anataka giza. Tena chatu mwenye baridi anajizungusha kwenye kitu cha moto mpaka anaungua, naye amekwisha kuungua mara moja.

- Temostati ni ya lazima. Ile ya mashine ya kutotolea vifaranga inafaa. Bila hiyo ampuli inayotosha usiku itampika mchana. Joto likipita 38 naye hana fasi ya kukimbilia, anaweza kufa haraka kuliko kwa baridi.

- Vipimajoto viwili, kimoja kila upande. Mkono wa mtu si kipimajoto.

- Bakuli la maji upande wa baridi. Magazeti chini, yakilowa yabadilishwe.

- Waya zote zifungwe na fundi wa umeme. Mwanafunzi asiguse.

- Panya apewe tu kama upande wa joto umekaa juu ya digrii 30 siku nzima na utakaa hivyo. Baada ya kula asishikwe siku mbili.

7. UMEME UKIKATIKA

Ndugu zetu, hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila mtu wa mji huu anajua umeme unavyokatika, na hauagi. Tuseme umekatika saa nne ya usiku, utarudi saa kumi na mbili. Ni masaa 8.

Dawa ni maji ya moto katika bidoni. Litre 1 ya maji ikishuka digrii 1 inatoa kilojuli 4.18. Tuchukue bidoni 3 za litre 5, maji ya digrii 60, yashuke mpaka 30:

15 × 4.18 × 30 = kilojuli 1,881.

Kisanduku kinapoteza wati 60, ni kusema juli 60 kila sekunde. 1,881,000 ÷ 60 = sekunde 31,350, zaidi kidogo ya masaa 8 na nusu. Usiku umekwisha, nyoka yuko salama. Na kama kisanduku kingekuwa cha ubao mmoja tu? Bidoni zile zile zisingefika masaa 4.

Wengine walisema tutumie matofali ya moto. Tofali la kilo 2 na nusu likishuka digrii 30 linatoa kilojuli 63 tu. Ili kupata sawa na bidoni 3 unahitaji matofali 30. Maji yanashinda kwa mbali.

Funga kila bidoni katika kipande cha bulangeti zito, ili joto litoke polepole na nyoka asiungue. Kaza kifuniko. Bidoni zikae upande ule ule wa joto. Matundu ya hewa yafunikwe nusu, si yote. Kuanzia tarehe ya leo sufuria ya maji iwe tayari jikoni kila jioni, umeme uwepo au usiwepo.

8. MBABULA: HAPANA KABISA

Mtu mmoja alitoa shauri: tuweke mbabula ya makala karibu na kisanduku, tufunge mlango, na joto litakuwa la bure. Shauri hili lilitoka kwa moyo mwema, lakini ni shauri la kifo.

Makala yanayowaka katika fasi iliyofungwa yanatoa gesi inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu, haikohozi mtu. Inashikamana na damu kwa nguvu ya mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Damu inajaa gesi, na mwili unakosa hewa huku mtu anapumua. Kwanza kichwa kinauma, kisha usingizi mtamu, kisha mtu haamki. Nyoka atakufa, na anayemlinda atakufa mbele yake.

Wadogo wetu, sikilizeni hapa hata kama nyoka hamumpendi. Kila mwaka wakati wa baridi kuko nyumba ambamo watu walilala na mbabula ndani na asubuhi hawakufungua mlango. Tunajua kwamba wengine hapa waliongea kuingiza mbabula katika dortuari. Tunawaambia kama yaya zenu, si kwa ukali wa kapita: msifanye. Wala hapa, wala nyumbani kwenu wakati wa likizo. Kama mmekwisha kuota moto nje, mbabula ibaki nje, hata ikiwa makala yanaonekana yamekufa, maana makala yaliyofunikwa na majivu ndiyo yanayotoa gesi nyingi.

Mkitaka joto, fanyeni kama kisanduku. Tandika magazeti makavu chini ya godoro, maana baridi nyingi inapita chini. Ziba nafasi za dirisha lililovunjika kwa karatoni, lakini acha tundu la hewa juu. Laleni na soksi. Wati 75 za mwili wako zinatosha, ukizilinda zisikimbie.

9. KAZI INAYOBAKI

Kisanduku leo kina ukuta mmoja. Maranda yanahitajika gunia 3, yawe makavu. Fundi wa mbao amekubali kutuachia, wabebaji wanatafutwa kwa Jumamosi baada ya kazi ya mikono. Tunahitaji pia ampuli 2 za wati 40 za namna ya zamani, kipimajoto kimoja, na bulangeti lililochakaa. Mwenye kitu hicho nyumbani aongee na mwalimu wa biolojia.

Kwa likizo wanahitajika watu 4, wawili wawili, juma kwa juma. Kila asubuhi na kila jioni waandike katika daftari: saa, digrii za upande wa joto, digrii za upande wa baridi, umeme ulikuwako au hapana, nyoka alikuwa upande gani. Mstari wa mwisho huo ndio wa maana kuliko yote. Kama kila siku yuko upande wa joto peke yake, kisanduku ni baridi mno. Kama kila siku yuko upande wa mbali, ni joto mno. Anahama huku na huku? Basi kazi ni nzuri. Yeye hana mdomo wa kusema, lakini kila siku anakuandikia jibu kwa mwili wake.

Mwezi wa kumi ndio wenye joto kali kwetu, na usiku hauna baridi tena. Kama ngozi imepona na amekwisha kula bila kutapika, atarudishwa mbali na mashamba, kwa ruhusa ya wale wanaosimamia wanyama, fasi yenye vichuguu na mashimo ya muhanga. Sisi hatutakuwako siku hiyo. Tunaomba mtu atuandikie barua, pamoja na daftari.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa mdogo wako kwa nini bulangeti linamsaidia mtu na halimsaidii nyoka.

2. Una bidoni moja ya litre 5, maji yake digrii 70, yatashuka mpaka 30. Kisanduku kinapoteza wati 60. Itatosha masaa mangapi?

3. Chatu wa Luano na chatu wa Everglades wote walipata baridi. Yule wa kwetu porini anaokoka kwa njia gani?

4. Kwa nini ampuli isikae katikati ya kisanduku?

5. Rafiki yako anasema: "Makala yamekwisha kuwa mekundu, hakuna moshi, tuingize mbabula ndani." Utamjibu nini, na utamfanyia nini akikataa kusikia?

Majibu ya swali la 2 yaletwe kwa mwalimu wa fizikia kabla ya Ijumaa. Atakayepata na kueleza vizuri ndiye tutakayemkabidhi ufunguo wa kisanduku.

Ndimi sisi wa kalasi ya sita, tawi la biolojia na kemia,
kwa mkono wa kapita wa wanafunzi.